Mama Amekufa kwa Uzazi: Tuulize Sababu

Ndugu wanakijiji,

Mama akifa kwa uzazi tunamzika, tunakaa matanga, basi. Tunasema ni kazi ya Mungu. Wengine wanasema karogwa. Wengine wanamsingizia marehemu kwamba alitoka nje ya ndoa, ndiyo maana uchungu ukachukua muda mrefu. Maneno haya yanatuzuia kuuliza. Mwakani mama mwingine anakufa vilevile.

Leo tuzungumze jinsi ya kujua sababu. Mama akifia hospitali, daktari huandika kilichomuua. Je, akifia nyumbani au njiani? Hapo mtumishi wa afya huja kuwauliza wafiwa. Anauliza hivi: Uchungu ulianza lini? Damu ilitoka nyingi? Kondo la nyuma lilitoka? Alivimba uso? Alipatwa na degedege? Alikuwa na homa? Hata mimba ikiwa imeharibika anauliza, na hata mama akiwa amejifungua zamani kidogo, mpaka siku 42.

Kila jibu lina maana. Damu nyingi baada ya kujifungua inaweza kuua kwa saa chache. Uvimbe wa uso na degedege ni dalili za kifafa cha mimba. Homa na uchafu unaonuka huonyesha kwamba vijidudu vimeingia katika kizazi. Uchungu wa siku mbili, pengine mtoto alikwama.

Kisha anauliza: Mliamua saa ngapi kumpeleka? Usafiri mliupata lini? Mlipofika, alihudumiwa upesi? Maana kuchelewa nako kunaua.

Ndugu, vifo hivi vinaweza kupungua. Hapa Tanzania, utafiti wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Hata hivyo, hao 104 nao ni mama zetu na dada zetu.

Kwa hiyo tukiulizwa tusifiche, hata kama mimba ilitolewa. Maswali haya si ya kutafuta wa kumshtaki. Tukijua ni damu, tutaandaa watu wa kujitolea damu. Tukijua ni kuchelewa, tutaandaa usafiri mapema.

Katika kikao kijacho tujibu swali hili: mama akianza kutokwa damu usiku, na mume wake yuko safarini, nani ataamua apelekwe hospitali, na atapelekwa kwa gari la nani?