Maisha ya Kardinali Otunga na Imani ya Mkristo wa Mukuru kwa Reuben

Maurice Michael Otunga alizaliwa Januari 1923 huko Chebukwa, Bungoma, katika boma la Sudi Namachanja, chifu mwenye sauti kubwa miongoni mwa Wabukusu na mume wa wake wengi. Alibatizwa mwaka 1935, akasoma katika shule za misheni, akaendelea hadi seminari kuu ya Gaba, Uganda, kisha Roma, ambako alipewa upadre Oktoba 1950. Mwaka 1957 aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Kisumu. Miaka mitatu baadaye alikabidhiwa jimbo la Kisii, na mwaka 1971 akawa askofu mkuu wa Nairobi. Machi 1973 Papa Paulo wa Sita alimfanya kardinali, Mkenya wa kwanza kufikia daraja hilo. Alistaafu mwaka 1997, akafariki tarehe 6 Septemba 2003 katika Hospitali ya Mater.

Hospitali hiyo ya Masista wa Mercy iko South B, Nairobi, ng'ambo tu ya viwanda ambako wakazi wa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben hupanga foleni alfajiri wakitafuta kibarua. Ukaribu huo una uzito wake. Habari za utakatifu humfikia Mkristo wa mtaani zikitoka mbali, Assisi au Lisieux huko Ulaya, naye huona kwamba mambo hayo ni ya watu wa aina nyingine. Otunga alikulia katika nyumba ya mitala, kwenye ukoo uliomdai utii na mchango, na bado aliishika imani hadi pumzi ya mwisho. Kwa mtu anayedhani kwamba familia aliyotoka au mtaa anaoishi umeshamfungia njia ya kwenda kwa Mungu, hilo peke yake ni habari njema.

Jambo linalosimuliwa zaidi juu ya ujana wake ni kwamba baba alitaka mwanawe arithi uchifu, na mwana akakataa. Nyakati za ukoloni uchifu ulikuwa mamlaka ya kweli: ardhi, mifugo, kesi za watu na heshima ya serikali. Aliyeuacha aliacha kitu kinachoshikika, tena mbele ya mzazi ambaye neno lake halikuwa la kupingwa hivi hivi. Hapa ndipo maisha ya kiongozi yanapoilisha imani ya mtu binafsi. Cheo cha kardinali hakimfundishi lolote mama anayeuza sukumawiki kando ya njia, kwa kuwa hatakipata kamwe. Kukataa kule kunamfundisha, kwa sababu naye anatakiwa kukataa kila wiki. Yupo kijana anayeambiwa ampe msimamizi wa geti kitu kidogo ndipo aitwe kazini. Yupo mjane anayeshawishiwa kupika chang'aa kwa kuwa kodi ya nyumba ya mabati imefika. Injili ilikwisha kuwaambia wote wawili kwamba kupata ulimwengu wote na kupoteza nafsi ni hasara. Wanachokipata kwa Otunga ni uthibitisho kwamba neno hilo limewahi kufuatwa na mtu wa hapa, akijua fika gharama yake.

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 13, anawaagiza waamini wawakumbuke viongozi wao, wachunguze mwisho wa mwenendo wao, kisha waige imani yao. Mwisho wa Otunga unastahimili uchunguzi huo. Alipoacha uongozi wa jimbo kuu hakujitafutia kasri. Miaka yake ya mwisho aliishi Nyumba ya Wazee, jijini Nairobi, makao ambayo Masista Wadogo wa Maskini huwatunza wakongwe wasio na kitu. Alizikwa kwanza kwenye makaburi ya Msongari, penye mapadre na watawa wengine. Baadaye mabaki yake yalihamishiwa Bustani ya Ufufuko, Karen, ambako waamini huenda kusali. Hakika uzee wake ni ushahidi wenye nguvu kuliko hotuba yoyote ya miaka yake ya madaraka.

Waraka huo unasema imani ndiyo ya kuigwa, na mpaka huo ni muhimu. Mwaka 1996 Otunga alishiriki hadharani katika uchomaji wa kondomu jijini Nairobi, wakati UKIMWI ulipokuwa ukizimaliza familia, na tendo hilo lilipingwa vikali na wengi. Mwamini hadaiwi kulificha, wala imani yake haiporomoki kwa kulitaja. Anayempenda kiongozi pasipo kukubali mjadala ameiegemeza imani juu ya binadamu, na siku binadamu huyo akionekana na kasoro kila kitu huanguka pamoja naye. Kanisa lenyewe haliharakishi kumtangaza mtu mtakatifu. Kwa kawaida husubiri miaka mitano baada ya kifo, kisha hukusanya maandishi ya marehemu na kuwahoji waliomjua, wakiwemo wenye ushahidi wa kumpinga. Kwa sasa Otunga anaitwa Mtumishi wa Mungu. Zimebaki hatua za Mstahiki, Mwenyeheri na Mtakatifu, na hata akifika huko, ibada ya kuabudu itabaki ya Mungu peke yake.

Mahali panapofaa zaidi kuyatafakari maisha haya ni jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo. Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi, wakakubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya hizo. Mwenyeji wao katika jimbo alikuwa Otunga. Katika jumuiya, somo la Jumapili husomwa kwanza, kisha huwekwa kando ya tukio moja tu la maisha yake, na kila mmoja husema ni wapi wiki hiyo alidaiwa uamuzi kama ule. Tukio moja hutosha, kwa sababu wasifu mzima ukisomwa kwa mkupuo huwaacha watu wakistaajabu bila kujichunguza. Majirani wa makanisa mengine, walio wengi kwa Reuben, wanaweza kualikwa bila shida: hata wasioomba maombezi ya watakatifu wanaisoma Waebrania ile ile.