Kaye ya maji ilipotea wapi?



Leo hatusemi juu ya maji ya Goma. Hiyo kila mtu anaijua, bidoni za njano zinapanga mustari kila asubui. Leo tunasema juu ya kule maharagi yetu yanatoka.

Tulipanda mu kijiji kimoja cha Masisi. Tukakuta robine nne za simenti, na kibao kikubwa cha muradi. Maji hakuna. Bomba lilipasuka mahali pamoja tu, mvua ilipobomoa udongo. Na kila nyumba ilikuwa inatoa franga kidogo kila mwezi juu ya kutengeneza. Tukauliza: ile franga iko wapi? Wakatujibu kwamba kaye ilipotea.

Kaye imepotea, na mama anaamka usiku kushuka bondeni. Akirudi, jua limekwisha kuwaka, saa nzuri ya kulima imepita. Mtoto akiharisha siku tatu wakati wa kupalilia, majani hayamungoji. Mavuno yanapunguka. Halafu sisi, mu soko ya Virunga, tunalia bei.

Na musituambie wanakijiji hawajui usafi. Wanajua. Utanawa na nini kama bidoni moja ndiyo ya kupika, ya kunywa na ya mtoto? Kolera tunaijua vizuri hapa: mwaka 1994 iliua maelfu ya wakimbizi pembeni ya Goma, mu majuma machache.

Leta iko na deni. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha maji ya kunywa. Sheria ya maji ipo tangu tarehe 31 Desemba 2015. Mwaka 2003, kule Maputo, serikali za Afrika ziliahidi kilimo asilimia 10 ya bajeti. Tutaendelea kudai. Lakini ile kaye haikupotezwa na Kinshasa, tuseme ukweli, hata kama wengine ni wajomba wetu.

Ukienda kwenu likizo, omba kaye ya maji. Kwa heshima: «Baba, tunaomba tuone.» Mbele ya watu wote, na wamama wawepo, juu wao ndio wanabeba bidoni.

Sisi tumeandikia ile kamati barua, tumewapa siku 30. Hatungoji tukiwa tumekaa: Jumamosi tunapanda kufanya salongo, kuchimba njia ya bomba pamoja na wanakijiji. Mwenye kuja, akuje na jembe yake. Na bidoni ya maji ya kunywa, kule hakuna.