Pikipiki Isiyo na Sauti

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa katika mtaa wa Muthurwa, Nairobi, mbele ya waendeshaji wa pikipiki, wachuuzi wa soko na wakaaji wa mtaa. Msemaji ni mzee mmoja aliyekuwa fundi wa breki katika karakana ya reli.



Mimi si askari wa trafiki wala si hakimu. Kazi niliyoifanya tangu ujana wangu ilikuwa moja tu: kuhakikisha kwamba chombo kilichoanza mwendo chaweza kusimama. Katika karakana tulifundishwa kwamba fundi hodari si yule awezaye kulitia gari moshi mwendo, bali ni yule awezaye kulisimamisha mahali apatakapo. Neno hilo ndilo nililowaletea leo.

Sote twaona jinsi mtaa wetu ulivyobadilika. Nyumba hizi zilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya watumishi wa reli, na wengi wao walikwenda kazini kwa miguu. Mwaka wa 2008 soko letu na kituo cha matatu vilifunguliwa, na tangu siku hiyo hapana nafasi ya kunyosha mkono. Baadaye zikaja bodaboda nyingi za petroli, na sasa zimekuja pikipiki za umeme. Mwezi wa Septemba, 2023, Rais William Ruto alizizindua pikipiki za namna hii kule Mombasa, na hapa Nairobi kuna makampuni yanayoziunda na vituo ambapo mwendeshaji hutoa betri iliyokwisha nguvu na kupewa nyingine iliyojaa, kwa muda wa dakika chache tu.

Sikuja kuzilaumu pikipiki hizi. Hazitoi moshi puani mwa watu, hazipigi kelele usiku watoto wanapolala, na kijana anayeziendesha haulizi bei ya petroli imepanda au imeshuka. Hizo ni faida za kweli. Lakini kila chombo kipya huja na hatari yake mpya, na asiyeijua hatari hiyo hujifunza kwa machozi.

Nitawaeleza jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Jioni moja ya mvua, mama mmoja muuza mboga alikuwa akivuka njia na gunia la kabichi mgongoni. Gunia lilimziba asiweze kugeuza shingo, naye alitegemea masikio yake kama sisi sote tufanyavyo. Alisikia matatu, akaingoja ipite. Alisikia mkokoteni, akaupisha. Kisha asisikie kitu kingine, akatia mguu njiani. Pikipiki ya umeme ikamwangusha, akavunjika mkono.

Kijana mwenyewe hakuwa mlevi wala mhuni. Alisimama, akamwinua mama yule, akampeleka hospitali, akalia kama mtoto. Tulipomwuliza kwa nini hakupiga honi, alijibu, "Nilidhani amenisikia." Tulipomwuliza leseni na bima, alisema kwamba aliyemwuzia alimwambia kuwa pikipiki isiyokula petroli haihitaji karatasi hizo. Basi mama yule alikaa miezi mitatu bila kufanya biashara, wala hapakuwa na bima ya kumlipa. Kijana naye aliuza kitanda chake na simu yake ili kulipa sehemu ya gharama za hospitali. Nyumba mbili ziliingia taabuni kwa sababu ya maneno mawili yasiyo kweli: "amenisikia" na "haihitaji karatasi". Nataka tuyatazame maneno hayo moja moja.

Tuanze na karatasi. Sheria ya Trafiki ya Kenya, ambayo ni Sura ya 403, haiulizi chombo kinakula nini. Yasema kwamba gari ni chombo cho chote kiendeshwacho kwa nguvu za mashine, isipokuwa vile viendavyo juu ya reli na vile vinavyopata nguvu zake katika nyaya za umeme zilizotandazwa juu ya njia. Pikipiki yenye betri haimo katika visamehewa hivyo. Kwa hiyo yapasa iandikishwe na iwe na namba, mwendeshaji awe na leseni ya daraja lake, na iwe na bima ya kuwalinda watu wengine. Sheria hiyo yataka pia mwendeshaji avae helmeti na jaketi lenye kuakisi mwanga, abiria wake avae vile vile, na abiria awe mmoja tu. Haisemi abiria mmoja na mtoto katikati. Ndani ya mji mwendo usipite kilometa 50 kwa saa. Mambo haya yote hayabadiliki hata kidogo kwa kuwa tangi la petroli limeondolewa na betri ikawekwa mahali pake.

Wengine husema kwamba helmeti ni ya kumwogopa askari. Si kweli. Wataalamu waliokusanya habari za ajali nyingi katika nchi mbalimbali waliona kwamba helmeti hupunguza vifo vya waendeshaji pikipiki kwa kiasi cha asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa kiasi cha asilimia 69. Lakini yafaa ifungwe kidevuni. Helmeti iliyotundikwa mkononi hulinda kiwiko cha mkono tu.

Sasa natoka katika karatasi na kuingia katika sauti, na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Hapa Muthurwa masikio ndiyo macho ya kisogoni. Hamali anayevuta mkokoteni hatazami nyuma, husikiliza. Mama mwenye mzigo kichwani hageuki, husikiliza. Kipofu anayetafuta njia ya kwenda kituoni hana kitu kingine ila masikio na fimbo yake. Kwa miaka mingi injini za petroli zimetuonya bila ya mwendeshaji kujua kwamba anatuonya. Injini hizo zikiondoka, onyo hilo laondoka pamoja nazo, na yapasa mtu mwingine alichukue. Mtu huyo ni mwendeshaji.

Msidhani kwamba ni sisi tu tulioliona jambo hili. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliamuru kwamba, tangu mwezi wa Julai, 2019, motakaa za umeme za aina mpya ziwe na chombo cha kutoa sauti zinapokwenda polepole, hata kufikia kilometa 20 kwa saa, ili waendao kwa miguu wapate kuzisikia. Tazameni hekima yake: sauti yatakiwa katika mwendo mdogo, yaani mahali penye watu wengi. Lakini amri hiyo ni ya motakaa. Pikipiki ya kijana wetu hapa haina chombo hicho, na sauti yake ni honi yake, mwendo wake mdogo, na adabu yake.

Simaanishi kwamba mwendeshaji apige honi toka Landhies Road mpaka Marikiti. Honi isiyokoma ni kama mtu asemaye sana. Hatimaye hakuna amsikiaye. Apige mara moja, kwa ufupi, akiwa bado mbali, kisha apunguze mwendo mpaka aone kwamba mtu amegeuka au amepisha. Maadamu hujaona macho yake, jihesabu kwamba hujasikiwa.

Nami kama fundi wa breki nataka niwape hesabu ndogo. Chombo kiendacho kilometa 50 kwa saa hupita karibu meta 14 kwa kila sekunde moja. Kabla mkono haujashika breki, sekunde hiyo moja imekwisha pita, na meta 14 ni urefu wa vibanda vingi vya sokoni. Kiendacho kilometa 10 kwa saa hakifiki meta 3 katika sekunde hiyo. Tena, mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu ambayo breki yapaswa kuimaliza haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Na siku ya mvua, barabara ikiwa na matope na majani ya kabichi, gurudumu hukosa mahali pa kushika. Juu ya hayo, mota ya umeme hutoa nguvu zake mara moja, bila kungoja kama injini ya petroli. Ukizungusha mkono kwa ghafula, chombo huruka. Kwa hiyo anayehamia pikipiki ya umeme, hata akiwa mwendeshaji wa miaka kumi, yampasa ajizoeze kwanza mahali pasipo na watu.

Kabla sijaacha habari ya mwendo, nina neno kwa wazazi. Siku hizi twaona pia baisikeli zenye mota na skuta ndogo za kusimama, na watoto hupenda kuziendesha wakizidhani ni vitu vya kuchezea. Katika nchi za Ulaya, baisikeli ambayo mota yake humsaidia mwendeshaji huhesabiwa kuwa baisikeli iwapo tu mota ni ya wati 250, na huacha kusaidia ifikapo kilometa 25 kwa saa. Ikizidi hapo, huhesabiwa kuwa chombo cha moto. Kipimo hicho chaweza kutusaidia kuelewa kwamba kitu kidogo chaweza kuwa na mbio kubwa. Usimpe mtoto chombo cha namna hiyo aende nacho Jogoo Road kati ya matatu.

Jambo jingine ni betri, na hili lawahusu hata wale wasiopanda pikipiki. Betri hizi za lithiamu ni nzuri zikitunzwa, lakini iliyopasuka, iliyolowa maji, au iliyofunguliwa na mtu asiye fundi yaweza kushika moto wa ghafula usiozimika upesi. Katika mji wa New York, mwaka wa 2023, watu 18 walikufa kwa mioto iliyoanzishwa na betri za lithiamu, na mwaka huo huo mji ule uliweka sheria ya kukataza kuuzwa betri za vyombo hivyo zisizopimwa na kuthibitishwa. Wengi wetu twaishi chumba kimoja, na mlango ni mmoja. Ukiweka betri ijae usiku karibu na mlango huo, na moto ukatokea, watoto watapita wapi? Tumieni vituo vya kubadilishia betri. Kama hapana budi kuijaza nyumbani, tumia chaja yake yenyewe, mchana, ukiwa macho, mbali na mlango na mbali na godoro. Na betri iliyoanguka au kuvimba irudishwe kwa wenyewe, usiitie waya.

Najua kuna watu sokoni wanaosema kwamba dawa ya haya yote ni kuzifukuza pikipiki za umeme. Ndugu zangu, mji wa Paris uliwauliza watu wake mwezi wa Aprili, 2023, kama skuta za umeme za kukodi ziendelee au ziondoke. Waliokwenda kupiga kura walikuwa wachache sana, lakini karibu asilimia 90 yao walisema ziondoke, na tarehe 1 Septemba mwaka huo zikakatazwa. Waliochoka walikuwa wale waliopitiwa juu ya njia za miguu na kujikwaa katika skuta zilizoachwa ovyo. Naiona hapo fundisho kwenu, vijana: wenye chombo wasipojiwekea adabu, siku moja wenye miguu watawaamulia. Hamwezi kupenda kuamuliwa hivyo, kwa maana chombo hiki ndicho chakula chenu.

Kwa hiyo naleta shauri. Kila kituo cha bodaboda hapa Muthurwa kikutane na wachuuzi wa upande wake, wakubaliane mambo manne. La kwanza, mwendeshaji akifika penye vibanda aende mwendo wa mtu atembeaye, au ashuke na kusukuma. La pili, taa iwake mchana na usiku, ili asiyesikia apate kuona. La tatu, asikubaliwe kituoni ye yote asiye na leseni, bima, na helmeti mbili. La nne, ninyi akina mama na mahamali mwaachie njia iliyo wazi, msipange viazi na magunia mpaka katikati ya barabara. Maana hata mwenye adabu hawezi kupita pasipo njia.

Tuna methali isemayo kwamba ajali haina kinga. Wazee waliisema ili kumfariji aliyefikwa na jambo asiloweza kulizuia. Hawakuisema ili iwe udhuru wa asiyefunga helmeti. Katika nchi yetu, katika kila mwaka wa 2022, 2023 na 2024, watu waliokufa barabarani walizidi 4,000, na walio wengi zaidi kati yao ni waendao kwa miguu, wakifuatwa na wapanda pikipiki. Yaani ni ninyi mnaokaa mbele yangu, pande zote mbili za njia.

Mama yule wa kabichi amerudi sokoni, ingawa mkono wake haubebi tena gunia. Kijana yule amepata leseni, naye hushuka na kusukuma pikipiki yake apitapo mbele ya kibanda cha mama yule. Wenzake walimcheka mwanzoni. Sasa wawili kati yao hufanya kama afanyavyo yeye. Naomba kesho asubuhi wawe kumi.