Apande ndege mwalimu wa karakana

Mabadilishano ya walimu wa ufundi baina ya nchi na nchi si jambo geni kwetu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza Tanzania mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, vikifuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya Skandinavia. Cha kwanza huko kilifunguliwa Rødding, Denmark, mwaka 1844.

Swali ni nani apande ndege katika mabadilishano hayo. Tukimpeleka mkuu wa ofisi, atarudi na ripoti na picha. Aende anayefundisha useremala au ushonaji, maana ndiye anayejua kinachomkwamisha mama aliyeacha shule, au mwashi mzoefu asiye na cheti. Mtu mzima hafundishwi kama mtoto: huja na ujuzi wake, na anachojifunza leo anataka kimpe kipato kesho.

Wageni nao waje. Aliyezoea mashine kwa kila mwanafunzi atajifunza mengi kwa mwenzake anayefundisha darasa zima kwa cherehani chache. Na anayerudi apewe muda wa kuwafundisha wenzake. Bila hivyo, amesafiri yeye, chuo kimebaki pale pale.