Mkanyagano au Msongamano? Neno la Maafa na Mzigo Wake

Mhadhara huu unahusu neno la Kiingereza "stampede", ambalo wafasiri wa Kiswahili hukabiliana nalo kila yanapotokea maafa ya umati. Kietimolojia, neno hilo linatokana na "estampida" la Kihispania, lenye maana ya mshindo au ghasia. Liliingia katika Kiingereza cha Marekani katika karne ya 19, likitaja kundi la ng'ombe au farasi waliokurupuka kwa hofu na kutimua mbio ovyo. Baadaye maana yake ilipanuka hadi kwa binadamu. Upanuzi huo si jambo dogo, kwani neno lilikuja na taswira ya mnyama: umati usiofikiri, uliojiangamiza kwa taharuki yake wenyewe.

Kiswahili hutumia "mkanyagano". Neno hili limeundwa kutokana na kitenzi "kanyaga", na kiambishi -an- cha kutendana humfanya kila aliyekuwepo kuwa mtenda na mtendwa. Halimgeuzi mtu kuwa mnyama, lakini nalo huiweka lawama miguuni mwa umati. Ndilo lililotumika katika habari za vifo vya watu 20 mjini Moshi, Februari 2020, na vya watu 45 jijini Dar es Salaam, Machi 2021.

Maafa ya Uwanja wa Hillsborough, Sheffield, ya mwaka 1989 yanatoa tahadhari. Watu 97 walipoteza maisha, wengi wao kwa kubanwa kifua hadi wakakosa pumzi, wala si kwa kukimbia. Kwa miaka mingi mashabiki walilaumiwa. Mwaka 2016 uchunguzi wa mahakama ulitamka kwamba mwenendo wao haukuchangia maafa hayo.

Kwa hali kama hiyo, Kiswahili kina neno "msongamano", kutokana na "songa", yaani kubana. Kiambishi -man- huonyesha hali ya kushikana, kama katika "fungamana" na "shikamana"; hakimtaji mkosaji. Palipo na msongamano, msikilizaji huuliza upana wa mlango, idadi ya walioruhusiwa kuingia, na aliyepaswa kuwahesabu.

Haikusudiwi kulifuta neno "mkanyagano". Watu wanapokanyagana kweli, ndilo lifaalo. Kinachodaiwa ni kwamba mwandishi asilitumie kabla ya chanzo cha vifo kujulikana. Marehemu hawezi kujitetea dhidi ya neno.