Waya wa Mzunguko Kiwandani
(Hotuba kwa wanachama wa Kisii na Nyamira)

Njia ya reli ikiwa moja, ikikatika treni husimama. Lakini barabara ya Kisii na Nyamira ikifungwa, gari hupitia Keroka. Waya za Etherneti katika kiwanda cha chai zaweza kupangwa vivyo hivyo, kwa mzunguko. Swichi moja ni msimamizi: hufunga mlango wake mmoja, ili ujumbe usizunguke bila mwisho, na hutuma habari za kujaribu njia. Zisiporudi, hufungua. Kanuni IEC 62439-2, kwa swichi hadi 50, yaweza kurudisha njia kabla ya milisekunde 200 kupita. Kufumba na kufumbua!

Hapo ndipo hatari. Kazi yaendelea, hakuna ashtukaye. Waya wa pili ukikatika, swichi za katikati zatengwa. Basi tajiri akitaka kuondoa fundi wa usiku kwa kuwa “waya hujiponya,” tukatae. Ujumbe umepita kwingine tu. Waya ungali umekatika, wangoja fundi.