Safisha Brashi ya Hewa, Linda Kazi na Mto
(Hotuba kwa mafundi wa rangi na wanafunzi wa chuo cha ufundi)



Leo sitazungumzia uchoraji. Hapo nyinyi ndio walimu. Nazungumzia zile dakika 10 baada ya picha kukamilika ubavuni mwa matatu, wakati kila mtu anataka kwenda nyumbani. Hapo ndipo brashi ya hewa huharibika. Rangi ikikauka ndani ya nozeli, kesho kifaa kitatema matone badala ya kupuliza, na hasara ni yako.

Kwanza, toeni rangi iliyobaki kikombeni. Tieni maji kama mlitumia rangi ya maji, au thina kama ilikuwa rangi ya gari. Pulizieni kwenye kitambaa hadi kitoke safi. Kisha punguzeni nguvu ya kompresa, zibeni pua kwa kitambaa na mbonyeze kifyatuo taratibu. Hewa itarudi kikombeni ikibubujika na kuleta uchafu uliojificha. Mwishowe chomoeni sindano, muipanguse kuelekea nchani. Ncha ikipinda, mstari hautanyooka tena. Msichokonoe nozeli kwa waya, wala msiloweke brashi nzima kwenye thina, kwani raba za ndani huvimba.

Sasa, thina chafu huenda wapi? Wengi huimwaga mtaroni. Mvua ikinyesha, mtaro huo huelekea mtoni, na huko kuna mama anachota maji. Katiba ya 2010 imeipa kaunti jukumu la kuondoa taka, lakini hakuna lori linaloweza kuizoa thina iliyokwisha kumwagika. Iwekeni kwenye mkebe wa chuma wenye kifuniko. Rangi ikituama, ile thina ya juu itumieni tena kwa usafi wa kwanza. Mashapo yasitupwe jaani. Yakabidhiwe msafirishaji wa taka hatari mwenye leseni ya NEMA.

Kumbukeni pia kwamba mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la chai au cheche za jirani anayechomelea vyuma. Safishieni mahali penye hewa, mbali na moto, na mvae barakoa yenye kichujio cha mvuke. Leso puani haizuii chochote.

Dakika 10 tu, ndugu zangu. Brashi itadumu, na mto utabaki salama.